Tuliacha ajira na nyumba ya Chanika tukahamia Njombe. Mwaka wa tatu huu, naomba niwaeleze

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Haupiti mwezi bila kuibuka uzi wa mtu anayetaka kuacha kazi na kuuza nyumba aende kuanza maisha mikoani, na majibu ni yale yale: nusu wanamwambia ajilipue, nusu wanamwambia karogwa. Mimi nilijilipua. Naandika kwa sababu kipindi nahangaika kuamua, kila niliyemuuliza aliniongelea hela. Hakuna aliyenigusia kitu ambacho kingekuja kuniliza.

Hela nitaizungumzia, najua mtauliza. Lakini hela ilikaa kwenye daftari ikahesabika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niliajiriwa Machi 2006, Ilala. Mume wangu ni dereva wa lori. Miaka kumi na moja amepiga njia ya Dar, Makambako, Njombe: anapanda na bidhaa za madukani, anashuka na viazi au mbao. Kwetu ni Muheza, kwao ni Morogoro. Njombe hatukuwa na hata binamu wa kusingizia. Naomba mlishike hilo.

Msingi wa Chanika tuliuchimba 2011 kwa mkopo wa mshahara wangu. Tukahamia 2014 madirisha yamezibwa kwa mabati na milango ya ndani ni khanga. Aliyejenga Dar kwa mshahara wa ualimu anaijua hiyo safari: likizo hii plasta, likizo ile dari, mwaka unaofuata nondo za madirisha. 2017 tukachimba kisima, tukaweka pampu na simtanki, tukatoa bomba moja nje karibu na ukuta.

Hilo bomba ndilo lililonifanya niandike uzi huu, nitalirudia.

Nyumba tatu za jirani zikawa zinachota kwetu. Hatukuwahi kuuza ndoo. Kulikuwa na mama mmoja mjane, muuza vitumbua, alikuwa anakuja saa kumi alfajiri kabla ya kuwasha jiko. Nikiwa kitandani nasikia bomba linafunguliwa, maji yanagonga kwenye ndoo tupu, halafu sauti inazidi kuwa nzito kadiri inavyojaa. Nikisikia inafungwa, nami naamka. Miaka mitano sikutega kengele ya simu.

Wazo la kuondoka lilianza kwa mume wangu. 2019 alipata ekari nne katika kijiji kimoja si mbali na barabara ya Makambako kwenda Njombe. Hakununua kienyeji. Alianzia kwa mwenyekiti wa kijiji, akaandika maombi, yakapita halmashauri ya kijiji, tukasomwa kwenye mkutano wa kijiji watu wote wapo. Wanaotaka kununua ardhi vijijini kwa karatasi ya watu wawili na shahidi mmoja, tafadhali muisome Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 au mtafute wa kuwasomea. Ardhi ya kijiji ina wenyewe, na wenyewe ni kijiji kizima.

Mvua za kuvuka mwaka 2019 kuingia 2020 tulipanda miche 160 ya parachichi aina ya Hass, ile ya kubebeshwa, mita saba kwa saba, ekari mbili. Mwezi wa saba baridi ilikuja. Kama hujakaa Njombe mwezi wa sita na wa saba huwezi kuelewa. Asubuhi umande umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi, na jua likipanda jani linageuka rangi ya chai. Miche 43 ilikufa, yote ya upande wa bondeni. Wazee wa pale walikuwa wamemwambia mume wangu kwamba baridi inatelemka usiku kama maji na kwenda kutuama chini. Yeye aliona bondeni ndiko kwenye udongo mweusi, akapanda. Mlimani haukufa hata mmoja.

Mimi nilikuwa bado sijakubali. Kilichonibadilisha ni usiku mmoja wa 2021. Lori la mwenzake lilifeli breki mlima Kitonga, yeye akiwa nyuma yake kama dakika kumi. Alifika akakuta imeshatokea. Aliporudi nyumbani hakuingia ndani. Alikaa kwenye kiti cha nje, karibu na lile bomba, mpaka mama wa vitumbua alipokuja na ndoo yake. Nikamsikia akimwamkia shikamoo, kisha kimya. Asubuhi hiyo nikamwambia sawa, tupange.

Naendelea baadaye, nipo shambani na chaji inaisha.

Mchangiaji, Kibaha

Mwalimu endelea, tupo. Ila gusa mafao. Umeacha kazi una miaka mingapi kazini? Mimi nina 12 na moyo umeshachoka.

Mchangiaji, Temeke

Nitasema ukweli usichukie dada yangu. Mwenye ajira ya kudumu na nyumba Dar halafu anaviacha kwa hiari, huyo hajui vijana wangapi mtaani wanalilia nafasi yake. Watoto wako watakuja kukuuliza.

Mleta mada

Ndugu wa Temeke, sichukii. Binti yangu alishaniuliza, nitalijibu.

Wa Kibaha, nakuomba tulia. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi Oktoba 2022, nikiwa nimechangia miezi 199, kwanza mfuko wa pensheni wa PSPF, halafu PSSSF baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa 2018. Sharti la pensheni ni michango isiyopungua miezi 180, na umri wa kustaafu kwa hiari ni 55. Michango yangu nimeiacha kule, nikifikisha umri ndipo nitakwenda kuidai. Wewe una miezi kama 144. Ukiruka sasa unaruka ukiwa umebakisha miaka mitatu tu kufika kwenye sharti lenyewe. Nenda ofisi ya mfuko na kitambulisho chako, wakufungulie jalada lako wewe, usitegemee la kwangu.

Na jua kabisa kwamba aliyeacha kazi mwenyewe halipwi fao la kukosa ajira. Hilo ni la aliyeachishwa.

Mwaka ule ndio kikokotoo kipya, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kilianza, Julai 2022, mkupuo, yaani sehemu unayolipwa kwa mara moja, ukawa asilimia 33 kwa sisi tuliotoka mifuko iliyokuwa inatoa 50. Baadaye 2024 wakapandisha hadi 40. Kwenye ofisi ya walimu hapakuongelewa kingine. Wapo wenzangu waliodhani nimeondoka kwa hasira ya kikokotoo. Hapana. Barua yangu niliipitisha kwa mkuu wa shule kwa heshima zote, na siku ya kuaga watoto wa darasa la tatu waliniimbia.

Kadi ya bima ya afya ilikufa pamoja na ajira. Huo ni mshtuko ambao watu hawauweki kwenye bajeti. Mtoto wa pili ana pumu, na miezi minne ya kwanza tulikuwa tunalipa kila kitu taslimu. Na mkopo wa benki niliumaliza kwa sehemu ya hela ya nyumba kabla ya barua. Usiondoke na mkopo wa mshahara mgongoni, mshahara ndiyo dhamana yake.

Sasa nyumba. Tuliuza milioni 46. Kiwanja kilikuwa na jina la mume wangu peke yake, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwanasheria alinikalisha peke yangu chumba kingine akaniuliza mara tatu kama nimelazimishwa. Dada zangu mnaosoma hapa, hata kama jina lako halipo popote, hiyo ni haki yako, msiambiwe nyumba ya mume haikuhusu.

Kila kitu kiliandikwa: vyumba, nondo, simtanki, pampu, miembe miwili. Mnunuzi alikuwa kijana mstaarabu, hakubembeleza bei kupita kiasi.

Usiku wa mwisho majirani walikuja kuaga. Walikula, wakaomba, wakalia kidogo. Wakati wa kutoka mama wa vitumbua akanivuta pembeni, kwa sauti ya chini kabisa akaniuliza: "Mwalimu, na maji?"

Nilikuwa nimeuza nyumba yenye kisima na sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Nikamwambia nitaongea na mnunuzi. Asubuhi nikaongea naye, akasema hamna shida mama, wachote tu. Tukaondoka nimeridhika.

Mei 2023 mama wa vitumbua akanipigia simu. Bomba limewekwa kufuli. Yule kijana alikuwa amemuuzia nyumba mtu mwingine, na huyo wa pili hakuahidi mtu kitu. Nilikaa na simu mkononi sina la kumwambia. Ile haikuwa nyumba yangu tena, na maji yale hayakuwahi kuandikwa popote. Ingekuwa sentensi moja tu kwenye mkataba, na kabla ya kusaini nilikuwa na nguvu ya kuidai. Baada ya kusaini sikuwa na nguvu yoyote.

Mchangiaji, Kahama

Mwalimu, mimi ni mzee, nina miaka sitini, huwa nasoma tu. Lakini hapo kwenye bomba umenigusa.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, huku huku Shinyanga ya zamani. Operesheni Vijiji. Serikali ilikuwa imeshasema tangu mwisho wa 1973 kwamba hadi kufika 1976 watu wote wa vijijini wawe wameingia kwenye vijiji. Lori lilikuja asubuhi. Baba alikuwa na mji wake, mama zetu wawili, ng'ombe, na mnyaa umeota pande zote kuwa uzio. Tulipewa muda mfupi wa kupakia. Baba hakuchukua kitanda. Aling'oa mlango wa nyumba, mlango wa mbao aliouchonga mwenyewe, akapanda nao kwenye lori ameukumbatia.

Kule tulikopelekwa hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi tu. Baba aliuegemeza mlango kwenye mti, tukalala nyuma yake, na mvua zilipoanza ulikuwa ndiyo paa letu. Watu waliuliza kwa nini amebeba mlango, hana nyumba ya kuuweka. Hakuwajibu.

Nasema hivi kwa sababu ndugu wa Temeke anaona wewe umetupa ulichonacho. Sisi tulihamishwa, ninyi mmehama. Aliyehamishwa hata apewe sehemu nzuri moyo wake unabaki nyuma, maana hakuulizwa. Baba alikufa 1998 na hadi mwisho alisema "nyumbani" akimaanisha kule kwenye mnyaa. Wewe uliulizwa na ukakubali mwenyewe. Ni tofauti kubwa hiyo, usiichukulie poa.

Ulipokelewaje huko?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma habari ya mlango mara mbili na nimemsomea mume wangu. Asante sana.

Ulivyouliza nilivyopokelewa, hapo ndipo penyewe.

Tulifika Disemba 2022, binti yangu akiwa amemaliza darasa la saba, makusudi ili aanze kidato cha kwanza huku na asihame katikati. Tulipanga vyumba viwili kwa mzee mmoja wakati tunajenga. Watu walikuwa wema. "Kamwene, mwalimu, kamwene," ndiyo salamu ya huku. Kila mtu ananiita mwalimu, ananiachia njia, ananipa kiti. Mimi nikajiona nimeshapokelewa.

Februari 2023 akafariki mzee kwenye kitongoji chetu. Kule Chanika nilikuwa mhazini wa chama chetu cha kufa na kuzikana kwa miaka sita. Misiba naijua. Nikavaa kitenge, nikatia elfu ishirini kwenye bahasha, nikaandika jina langu na la mume wangu, nikaenda.

Nilipofika naona wanawake wanaingia kwa mstari, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani na beseni la unga juu yake au mkononi. Wanatua kuni nyuma ya nyumba, wanamwaga unga kwenye pipa, wanakunja kitenge kiunoni na kuingia jikoni. Hakuna aliyewaelekeza. Wanaume walishaondoka na majembe kwenda kuchimba. Mimi nikatoa bahasha. Kijana mmoja akaipokea kwa mikono miwili, akaandika kwenye daftari, akanishukuru. Nikapelekwa kwenye mkeka uliotandikwa pembeni. Nikakaa.

Mchana nikaletewa chakula kwenye sahani yangu peke yangu, na kijiko. Wenzangu wote wanakula kwa makundi, kwenye sinia, kwa mkono.

Hakuna aliyenikosea. Walinipa heshima yote waliyokuwa nayo. Na mimi nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani nikalia kuliko nilivyolia usiku wa kuaga Chanika. Kwenye ile sahani niliona kwamba nikifa hapa nitazikwa vizuri kabisa, kama anavyozikwa mgeni.

Ndugu zangu, hicho ndicho nilichokiacha Dar. Mshahara tulishauhesabu, nyumba tulishaiuza kwa bei. Lakini kule Chanika kulikuwa na watu arobaini ambao nisipoonekana siku mbili wangegonga mlango. Miaka minane ya kuchangia, kukesha, kuosha vyombo vya msiba wa mtu nisiyemjua sana, na kugombana na kupatana. Hiyo huwezi kuipakia kwenye lori, na huwezi kuihamisha kama michango ya mfuko. Unaanza na sifuri. Kwa umri wangu, miaka 41 wakati ule, sikuwa nimeanza na sifuri tangu nikiwa msichana.

Mchangiaji, Mwanza

Mwalimu acha niongezee na mimi, kwa upande wa walioshindwa. 2018 niliacha kazi ya stoo kwenye kampuni moja hapa, nikauza kiwanja, nikaenda mkoa wa Katavi kulima mpunga. Mwaka wa kwanza nilipata. Wa pili mvua iliharibu. Wa tatu mke wangu alishindwa akarudi kwao na watoto. Nilibaki peke yangu kibandani na redio. Nilikuwa nimefika pale nikiwa na haraka ya kupata hela, msibani natuma mtu na elfu tano. Nilipougua typhoid nililala siku tatu kabla ya mtu kujua. Nilirudi Mwanza 2021 na begi moja.

Watu wananiambia nilifeli kilimo. Kilimo hakikuwa kibaya kiasi hicho. Leo nasoma hapa ndiyo naelewa nilichokosa.

Mchangiaji, Temeke

Mkuu wa Mwanza pole sana. Mwalimu, nimekuelewa zaidi kuliko mwanzo. Lakini niambie ulichomjibu binti yako. Na hela mnapata?

Mleta mada

Kaka wa Mwanza, asante kwa kusema. Siku tatu ni nyingi mno. Pole, na nafurahi u mzima.

Ndugu wa Temeke. Binti yangu alikaa kama mwezi mzima hanijibu zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Siku moja tukiwa tunachambua maharage akaniuliza: "Mama, mlituuliza?" Nikamwambia hapana, hatukuwauliza, tuliwaambia tu, na tulikosea. Sikuongeza neno. Yeye ndiye aliyeulizwa mwaka huu kama anataka kidato cha tano kije kuwa Dar kwa shangazi yake matokeo yakiruhusu. Amesema anafikiria. Maneno ya mzee wa Kahama kuhusu kuhamishwa na kuhama yamenichoma kwa sababu yake yeye.

Hela: mwaka mzima wa 2024 tulipata pungufu ya tulichokuwa tunapata wawili Dar. Nasema hivyo wazi kwa sababu mnaona mitandaoni "dhahabu ya kijani", "China wamefungua soko". Ni kweli mkataba wa parachichi kwenda China ulisainiwa Novemba 2022 Rais alipokwenda kule, mwezi mmoja kabla hatujahama, na kila mtu alituambia tumelenga. Lakini parachichi halijui mkataba. Mche unaanza kuzaa mwaka wa tatu, tena kidogo. Dalali anakuja kabla tunda halijakomaa, anakuonyesha noti, na mwenye shida ya ada anamchumia. Tunda bichi likifika sokoni linanyauka haliivi, na bei ya kijiji kizima inashuka. Sisi tulikataa mara mbili tukiwa na shida ya ada. Ilituuma.

Kinachotulisha ni viazi mviringo vya msimu wa mvua, kule bondeni kwenye udongo mweusi. Na hapo kuna lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza, analishonea kilemba juu, analipa bei ya gunia moja. Mume wangu alibeba hayo magunia miaka kumi na moja bila kuyawaza, kazi yake ilikuwa usukani. Sasa anasimama shambani kwake anaangalia kilemba kikishonwa. Tangu mwaka jana yeye na wakulima kumi na wawili wanakusanya mzigo pamoja na kuupima kwenye mizani kabla lori halijapakia. Wanunuzi wengine hawaji tena. Wanaokuja wanalipa kwa kilo.

Sasa nimalizie habari ya misiba, maana nimeiacha njiani.

Julai 2023, baridi ile, alfajiri nasikia hodi. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye sikuwahi kuongea naye zaidi ya salamu. Kuna msiba upande wa pili wa mto. Hakuniuliza kama nakwenda. Aliniuliza: "Kuni unazo?" Nikasema sina, natumia mkaa. Akatua mzigo wake pale pale mlangoni, akaukata kamba, akaugawa nusu kwa nusu, akafunga upya mizigo miwili. Kuni za miti ya miwati, nzito, maganda yake yanakwaruza. Akanisokotea kata ya kitenge, akaniwekea kichwani. Tukaondoka.

Nilimwaga unga wangu kwenye pipa. Nikakunja kitenge. Nikapewa kabichi na kisu, na baadaye mwiko, ule mwiko mrefu kama mpini, ugali wa watu mia mbili. Moshi, machozi, mkono ulivimba siku mbili. Mchana sinia ilitua katikati yetu wanane na mtu akanisogezea upande wenye mboga. Jioni ile mama mmoja akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, mama fulani, si mwalimu.

Tangu hapo nimehudhuria misiba kumi na minne. Naihesabu.

Septemba 2024 mama yangu mzazi alifariki Muheza. Simu ilikuja saa tatu usiku. Mume wangu alikuwa Songea. Sijui nani alisikia kilio changu, lakini haikupita nusu saa nyumba ilikuwa imejaa. Mmoja anakunja nguo zangu, mmoja amewachukua watoto, mmoja anapika uji. Yule mama wa kuni aliingia wa mwisho, amevaa koti na amebeba kikapu. Akasema mtu hasafiri na msiba peke yake. Yeye na mwenzake mmoja wakapanda basi pamoja nami hadi Chalinze, tukabadilisha, tukapita Segera, tukafika Muheza kesho yake usiku. Hajawahi kuvuka Iringa maishani mwake. Nauli walichanga kitongoji, nilikuja kuoneshwa daftari baadaye.

Asubuhi ya maziko nikatoka nyuma ya nyumba ya mama, kwenye majiko. Wale wawili kutoka Njombe wamekunja vitenge, wanashangaa jua la Muheza, wanamenya vitunguu. Na katikati yao, kwenye kigoda, amekaa mama wa vitumbua kutoka Chanika. Alikuja na basi la usiku. Alikuwa anawaelekeza wapi pa kuchota maji.

Mchangiaji, Kibaha

Mwalimu umeniliza ofisini. Swali la mwisho: ungerudi nyuma ungefanya tofauti nini? Na hiyo miche mnaipata wapi?

Mleta mada

Ningekuja kukaa huku Juni na Julai nzima, likizo moja tu, kabla ya kuuza chochote. Ningewauliza watoto. Bima ningeiwekea hela ya mwaka.

Na ningeandika maji kwenye mkataba. Kama unauza nyumba na kuna kitu majirani wanakitegemea, njia ya kupita, kivuli cha kuuzia biashara, bomba, mtajie mnunuzi mbele ya mwanasheria na kiandikwe, kwamba hata akiuza naye akiandike. Atakayekataa, punguza bei au tafuta mwingine. Mama wa vitumbua sasa ananunua dumu la maji kila alfajiri kabla hajapika. Mwaka huu tumeanza kumtumia hela kidogo kila tukiuza viazi, lakini hela hiyo si sawa na bomba, na yeye anajua, na mimi najua.

Miche nitawaelekeza Jumapili. Kesho alfajiri tunapima mzigo, inabidi nilale.

Mchangiaji, Kahama

Lala salama binti yangu. Ule mlango wa baba upo. Uko nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, kwenye chumba cha kuku. Wikiendi hii nitakwenda kuuchukua.